Wenye ulemavu wameigizwa vya kutosha, sasa waigize

TAMTHILIA ya Sultana ilipoanza kupeperushwa na runinga ya Citizen mwaka wa 2022, nyumba nyingi huku kwetu Pwani zilikuwa zikitulia saa yake ikifika. Sababu haikuwa ngumu kuiona. Lugha yake ilikuwa na ladha ya mwambao, mandhari yake yalikuwa yetu, na mhusika mkuu alikuwa msichana asiyeona. Ni nadra katika drama za Kiswahili kumkuta mtu asiyeona akiwa kitovu cha hadithi. Aghalabu huwa ni ombaomba wa onyesho moja, anayepita kando ya barabara ili tajiri wa hadithi apate kuonyesha wema au ubahili wake.

Kwa hilo, kampuni ya Jiffy Pictures, inayomilikiwa na wanahabari Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, inastahili pongezi. Anastahili pongezi pia Mwanaasha Johari aliyeigiza Sultana. Yeye anaona, lakini aliimudu nafasi hiyo kiasi kwamba wapo watazamaji walioamini kuwa kweli haoni. Kuaminika hivyo ni sifa kubwa kwa mwigizaji, nami siwezi kumnyima.

Ninalotaka kulihakiki leo haliko katika uigizaji wake. Liko katika hali ya sanaa yetu nzima: mtu asiyeona, asiyesikia au anayetumia kiti cha magurudumu anaigizwa, lakini yeye mwenyewe haigizi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kiambishi kimoja tu, -w-. Ila ndani ya kiambishi hicho mna ajira, mna jina, na mna heshima ya mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Kuigiza kumetokana na kuiga. Mwigizaji ni mtu anayemwiga mwingine hadi sisi tunaomtazama tukubali kwamba ndiye. Kutokana na asili hiyo, wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba hakuna kosa lolote mtu anayeona akiigiza asiyeona. Daktari wa kwenye tamthilia hakusomea udaktari. Muuaji wa kwenye filamu hajaua hata kuku. Tukidai kila mtu aigize alivyo, tutakuwa tumeua sanaa yenyewe.

Naikubali hoja hiyo yote, tena bila shingo upande. Lakini hoja ikikubaliwa lazima ifuatwe hadi mwisho wake. Ikiwa uigizaji ni kuiga, basi mlango huu una pande mbili. Anayeona aweze kumwigiza asiyeona, na asiyeona naye aweze kumwigiza anayeona. Anayetembea kwa mikongojo aigize wakili, mpenzi, mwizi, chifu au mama mkwe, na mikongojo isitajwe hata mara moja. Je, ni lini umeona hivyo katika runinga zetu? Sheria ya kuiga inatumika upande mmoja tu. Mwenye mwili usio na ulemavu anaruhusiwa kuiga kila mtu, ilhali mwenye ulemavu hapewi nafasi ya kumwiga mtu yeyote, na hata nafasi ya kuwa yeye mwenyewe anapokonywa.

Wenzetu wa ng'ambo wamekwenda mbele kiasi, ila nao si wa kuigwa kichwa kichwa. Daniel Day-Lewis alituzwa Oscar kwa kumwigiza Christy Brown, mwandishi wa Ireland aliyeandika na kuchora kwa mguu, katika filamu ya My Left Foot ya mwaka wa 1989. Jamie Foxx alituzwa kwa kumwigiza Ray Charles, mwanamuziki asiyeona. Eddie Redmayne alituzwa mwaka wa 2015 kwa kumwigiza mwanasayansi Stephen Hawking. Wote watatu hawana ulemavu huo. Upande wa pili, Harold Russell, askari aliyepoteza mikono yote miwili, alipata tuzo hiyo kwa filamu ya The Best Years of Our Lives ya mwaka wa 1946. Marlee Matlin, mwigizaji kiziwi, aliipata mwaka wa 1987. Kiziwi wa pili kuipata, Troy Kotsur, aliipata mwaka wa 2022. Kati ya Matlin na Kotsur kuna miaka 35. Hata katika jukwaa la Shakespeare, ambaye mfalme wake Richard wa Tatu ana mwili wenye kasoro inayotajwa tangu hotuba ya kwanza, kampuni ya Royal Shakespeare ilingoja hadi mwaka wa 2022 kumpa nafasi hiyo mwigizaji mwenye ulemavu, Arthur Hughes.

Mfano unaonivutia zaidi uko karibu nasi. Mwaka wa 2013, mwelekezi Noaz Deshe alitoa filamu ya White Shadow iliyopigwa Tanzania, wahusika wakizungumza Kiswahili. Inamhusu kijana mwenye ualbino anayewindwa na watu wanaouza viungo vya binadamu. Nafasi hiyo ilipewa Hamisi Bazili, kijana ambaye mwenyewe ana ualbino. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwelekezi katika tamasha la Venice. Hakuna aliyelalamika kwamba ubora ulishushwa ili kumhurumia mtu. Kinyume chake, sura ya Bazili ilibeba jambo ambalo poda na rangi ya kupakwa usoni zisingeweza kulibeba.

Lakini hata kuonekana kuna mitego yake. Msomaji wa rika langu anawakumbuka Aki na Ukwa, yaani Chinedu Ikedieze na Osita Iheme wa Nigeria, ambao kanda zao zilizunguka kila mtaa wa Mombasa miaka ya elfu mbili. Hawa walikuwa watu wazima wenye kimo kifupi, na filamu ikawapa nafasi za watoto watukutu. Tulicheka sana. Walipata umaarufu na riziki, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, ilichukua muda mrefu watazamaji kuwakubali kama wanaume wenye ndoa, mali na mawazo ya watu wazima. Mwili ulikuwa umeshawaandikia nafasi kabla ya mwandishi kushika kalamu.

Hapa ndipo mhakiki wa lugha anapopata kazi. Soma muhtasari wa tamthilia yoyote yenye mhusika mwenye ulemavu, kisha uorodheshe vitenzi vinavyomhusu. Utakuta anahurumiwa, anafichwa, anaonewa, anasaidiwa, anaombewa, anaponywa. Vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mara chache utamkuta akidanganya, akitongoza, akifilisi, akiamuru au akikosea kwa hiari yake. Mhusika wa kauli ya kutendwa hahitaji mwigizaji mwenye maarifa ya ndani ya hali hiyo. Anahitaji mtu wa kukaa pale atendwe. Ndiyo maana mwelekezi haoni hasara akimchukua mtu yeyote na kumwambia akodoe macho hewani na kupapasa ukuta.

Wahakiki wawili wa Marekani, David Mitchell na Sharon Snyder, walieleza katika kitabu chao cha mwaka wa 2000 kwamba hadithi nyingi huuegemea ulemavu kama mtu anavyouegemea mguu wa bandia. Hadithi inautumia ili itembee, kisha inamwacha mwenye ulemavu pale pale ilipomkuta. Kwa Kiswahili chetu ningesema kwamba ulemavu umekuwa jazanda. Upofu unasimamia ujinga au hekima ya kimungu, ukiwete unasimamia adhabu, uziwi unasimamia ukaidi. Methali zetu zimechangia. Tunasema penye wengi vipofu chongo ni mfalme, tukiwa na maana ya maarifa, si macho. Ila pia tuna "hujafa hujaumbika" na "mcheka kilema hafi bila kumfika", methali zinazomwambia msemaji kwamba mwili anaoujadili unaweza kuwa wake kesho. Lugha yetu basi ina mapokeo mawili, na waandishi wetu wa miswada wamekuwa wakichota kutoka lile moja.

Sitaki kulipita suala la ngeli, maana kila ninapozungumzia jambo hili huulizwa. Hoja inayosikika sana ni kwamba maneno kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo na kilema yana kiambishi ki-, ambacho ni cha vitu, na kwa hiyo lugha yenyewe imewashusha watu hawa hadi hali ya vitu. Hoja hii ina mvuto lakini haijakamilika. Kiongozi ana ki-, na kijana, kinyozi na kipenzi pia, wala hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika. Tena upatanisho wa kisarufi ni wa A-WA. Tunasema kipofu amefika, hatusemi kipofu kimefika. Anayesema kimefika hajasukumwa na sarufi. Ameamua kutukana.

Hii haimaanishi kwamba majina hayana uzito. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni mara chache katiba kuingilia msamiati, na hapa iliingilia kwa sababu nzuri. Viziwi wengi, kwa mfano, wanakubali neno kiziwi lakini wanalikataa bubu, kwa kuwa bubu linadai hawana lugha, ilhali wanayo Lugha ya Ishara ya Kenya, inayotambuliwa na Katiba hiyo hiyo katika Kifungu cha 7 na kufanywa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge katika Kifungu cha 120. Kwa maoni yangu, tusi kubwa zaidi katika miswada si ki- wala m-. Ni ile orodha ya wahusika inayosema: Juma, Mwanaisha, Bwana Kombo, Kipofu. Wenzake wana majina, yeye ana hali.

Sasa tuyatoe haya vitabuni tuyalete Timbwani, wadi iliyo huku Likoni. Eneo letu si geni kwa watu wasioona. Shule ya Wasioona ya Likoni, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu, imesomesha vizazi vya watoto kutoka Pwani nzima. Kule Port Reitz, Changamwe, iko shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Shule za aina hii hushiriki tamasha za muziki na drama, na aliyewahi kuketi katika ukumbi wa tamasha hizo anajua kwamba vipaji vimo. Swali ni vipaji hivyo huenda wapi baada ya kengele ya mwisho ya shule.

Binti mmoja wa hapa Timbwani, asiyeona, ambaye nimemsikia akiimba na kuigiza tangu akiwa mdogo, aliniambia hivi: "Mwalimu, kila n'kienda waniambia, 'Sauti yako nzuri mno, kwani huendi redio?' Redio naipenda. Lakini mbona wanitaka pale tu nisipoonekana?"

Nikamuuliza, "Na wakikuita uigize asiyeona, utakubali, mwanangu?"

"N'takubali, kwa nini nikatae? Lakini na mie wanipe mama mkwe mkorofi. Wallahi n'tawatesa hao wakaza wana!"

Sijasikia hoja ya kihakiki iliyofupishwa vizuri zaidi ya hiyo. Mama mkwe mkorofi ni nafasi ya kauli ya kutenda. Anaamuru, anachongea, anasengenya, anatoa talaka kwa mdomo wa mwanawe. Hahitaji macho. Anahitaji ulimi, na binti yule anao.

Vizuizi vyenyewe si vya kinadharia. Tangazo la usaili hutolewa kama picha na kusambazwa katika vikundi vya WhatsApp. Simu ya mtu asiyeona humsomea maandishi, lakini maandishi yaliyochorwa ndani ya picha mara nyingi haiyasomi. Kazi imempita kabla hajajua ipo. Akiambiwa na jirani, itambidi avuke feri, maana kumbi zinazojulikana, kama ule wa Little Theatre Club au Swahilipot, ziko kisiwani. Anayetumia kiti cha magurudumu atateremka mteremko wa Likoni katikati ya umati, atapanda mwinuko wa ng'ambo, kisha atafute matatu ambayo makanga wake hatataka kulipwa nauli ya kiti pamoja na ya mwenyewe. Akifika, usaili uko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Msuada anapewa hapo hapo, umechapishwa kwa wino, dakika kumi za kuusoma. Kiziwi naye anaitwa jina kwa sauti kutoka chumba cha ndani, na asipoitika anahesabiwa hakuja. Kila mmoja wao ataambiwa baadaye kwamba walitafutwa wenye ulemavu na hawakujitokeza.

Iko pia ngazi ambayo vijana wengi wa Pwani huipanda kuingia katika fani: vikundi vinavyozunguka shule za upili vikiigiza vitabu teule vya fasihi. Malipo ni madogo, lakini ndiko mtu anakojifunza kusema kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi, na ndiko waelekezi wanakowajua wasanii. Ni kazi ya kulala safarini, kupanda gari alfajiri na kushuka shule tatu kwa siku. Kijana mwenye ulemavu hachukuliwi kwa kuwa "atatuchelewesha". Akikosa ngazi hiyo ya chini, hawezi kulaumiwa kwa kukosa tajriba inayodaiwa juu.

Waelekezi huuliza: mtu asiyeona atajuaje asimame wapi mbele ya kamera? Swali hili lina jibu la kiufundi, tena rahisi. Mwigizaji yeyote huwekewa alama sakafuni, mara nyingi utepe, ili asitoke kwenye mwanga. Asiyeona huwekewa alama anayoihisi kwa mguu, kama kipande cha mkeka, na huhesabu hatua mazoezini. Waigizaji wa jukwaani hufanya vivyo hivyo kila taa zinapozimwa kati ya onyesho na onyesho. Wanatembea gizani kwa kumbukumbu. Kwa hilo, asiyeona amewatangulia kwa miaka. Kampuni ya Graeae ya London, iliyoanzishwa mwaka wa 1980 na kuongozwa na wasanii wenye ulemavu, imekuwa ikifanya kazi kwa njia kama hizi kwa zaidi ya miongo minne.

Na sheria je? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 ililitaka Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lijitahidi kuhakikisha kwamba asilimia tano ya kazi za vibarua, za dharura na za kandarasi, serikalini na katika sekta ya kibinafsi, zinatengewa watu hawa. Mwigizaji ni mtu wa kandarasi. Maneno yale yalimhusu moja kwa moja, ila kwa zaidi ya miaka 20 sikuona yakitajwa katika tangazo la usaili. Sheria hiyo hiyo ilizilazimu runinga kuweka mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na vya matukio ya kitaifa. Drama haikutajwa. Yaani kiziwi alihakikishiwa haki ya kujua bei ya mafuta, lakini haki ya kulia na kucheka na Sultana haikuandikwa. Sheria mpya ilitiwa saini Mei 2025. Itapimwa kwa utekelezaji, na fani ya uigizaji ni mahali pazuri pa kuanzia kuipima. Tusisahau pia kwamba mwaka wa 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kifungu chake cha 30 kinataka watu wenye ulemavu wawezeshwe kukuza vipawa vyao vya sanaa, kwa faida yao na ya jamii.

Wapo watakaosema idadi yao ni ndogo. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu takriban watu laki tisa, asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Hata tukiichukua takwimu hiyo ilivyo, kati ya kila wahusika 50 wa runinga mmoja angekuwa na ulemavu. Hesabu mwenyewe jioni ya leo.

Tena ulemavu si kabila, mtu huweza kuingia humo wakati wowote. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yaani marehemu Benson Wanjau, alitutumikia kwa miaka mingi. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na Wakenya wakamchangia fedha za matibabu hadi alipoaga dunia Julai 2015. Tulimchangia, na tulifanya vyema. Ila sikumbuki kusikia mtu yeyote akipendekeza aandikiwe nafasi ya mzee asiyeona vizuri ambaye bado anawachekesha na kuwakaripia watu. Pesa za hospitali tulimpa. Kazi, ambayo ndiyo iliyokuwa maisha yake, haikuingia katika mjadala.

Ninayoyapendekeza hayahitaji bajeti ya Hollywood. Waandishi wa miswada waanze kwa kumpa kila mhusika jina, kisha waangalie vitenzi vyake: viwili au vitatu viwe vya kutenda. Kampuni za utayarishaji zitangaze usaili kwa maandishi ya kawaida na kwa sauti, zitume msuada siku mbili mapema, na ziuandae usaili vyumba vya chini. Vikundi vya vitabu teule vichukue japo msanii mmoja mwenye ulemavu kila msimu. Na palipo na nafasi ya mhusika asiyeona, wasioona waitwe kwanza wajaribiwe. Wakishindwa kwa haki, apewe mwingine, sitalalamika.

Nafasi ya mama mkwe mkorofi nayo iachwe wazi kwa wote. Yuko mtu Timbwani anayeisubiri.